Dripu ya Pili ya Kasuku

6 Machi

Baba Kasuku,

Kabla ya yote nakusalimu, na salamu za dada ninayekaa kwake huku mjini nazo zipo. Anasema ulipokuja kumchukua mtoto uliondoka hata chai hukuimaliza. Mimi kikohozi bado kinanisumbua, koo linakwaruza na kichwa kizito, ila homa imeshuka. Wewe je, mgongo unasemaje na hilo bomba la dawa ya mchwa unalolibeba kutwa?

Na Kasuku wangu hajambo? Niambie kila kitu. Tangu mlipotoka hapa, yeye na ile barakoa iliyomfunika uso mzima, sijakaa nikatulia. Daktari alisema nisimkaribie nikiwa nakohoa hivi, kwamba baada ya dripu ile ya dawa damu yake haina nguvu ya kupigana na mafua ya mtu. Nikakubali akapumzike kwako huko nyumbani, lakini moyo haujakubali. Mama gani anamkimbia mtoto wake mwenye kansa? Dada ananijibu, "Mama mwenye akili." Sijui.

Maji umchemshie. Watu wasijazane kuja kumwona. Ukimgusa ukaona mwili una moto, usimuulize mtu, panda naye basi mje hospitali. Na tarehe kumi na saba awe wodini kwa dripu ya pili. Umenisikia lakini? Maana wewe ukishavaa kofia yako ya kazini husikii kitu.

Mkeo,
Mama Kasuku

11 Machi

Mama Kasuku,

Pole sana na kikohozi. Kunywa tangawizi hata kama huipendi. Sisi huku wazima. Mgongo wangu ni uleule wa siku zote, na mchwa wa watu hawangoji upone.

Mwanao usiseme! Uvimbe wa taya umekwisha kabisa. Unakumbuka ulivyomziba mdomo hata neno halitoki, tukawa na kasuku bubu ndani ya nyumba? Sasa hanyamazi. Jana kamsimamisha jirani yetu fundi cherehani, kamwambia, "Fundi, mbona suruali yako mwenyewe imechanika?" Yule bwana alicheka hadi akakaa chini. Anakula, anakimbia, anagombana na kuku. Nywele zimeanza kubaki kwenye mto, lakini hata hilo halimsumbui, anasema mto umeota ndevu.

Sasa kuna jambo linanikereketa, na kwenye simu tutagombana, ndiyo maana naandika. Siku ile nilipofika kuwaona, nilimkuta nesi akitayarisha dripu. Alivaa glavu mbilimbili, aproni, barakoa na miwani. Mama Kasuku, hayo ndiyo mavazi yangu mimi. Nayavaa kwa sababu najua kilichomo ndani ya bomba, tone moja likinigusa ngozi inachubuka. Yule nesi hakutaka dawa imguse hata ukucha, kisha akaifungulia ikaingia kwenye mshipa wa mwanangu. Mtoto huyu amepona. Aliyepona dawa ya nini tena?

Mumeo,
Baba Kasuku

14 Machi

Baba Kasuku,

Hujambo? Mimi naendelea vizuri. Utingo wa basi amenipa barua yako, nimeanza kuisoma nimesimama nikaimaliza nimekaa. Nimepiga simu yako tangu asubuhi, imezimwa. Umeizima kwa kuwa unajua nitakachosema. Basi nakisema hapa, karatasi haizimwi.

Hajapona. Daktari alitueleza sote wawili, wewe ukitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri, kwamba uvimbe wa kansa hii huyeyuka upesi lakini ugonjwa wenyewe bado umejificha mwilini. Wateja wako wakitaka kukuaga baada ya kupiga dawa mara moja, wewe huwaambia nini? "Mchwa mnaowaona si mchwa wote. Nisiporudi, mtaamka paa likiwa vifuani." Maneno yako hayo, umeyasema mpaka mimi nayaota. Leo zamu ya mwanao umeyasahau?

Habari ya glavu nimeenda kumuuliza nesi mwenyewe, nikiwa nimesimama mbali, barakoa usoni. Hakukasirika. Anasema yeye anaishika dawa hiyo kila siku ya kazi, ya watoto wote wa wodi, naye hana ugonjwa wa kuponywa nayo. Kasuku anapewa kipimo chake, na wao wanamchunga. Hakuniambia kwamba si kali. Ni kali, na dawa ya moto ni moto.

Nakuomba mume wangu, tarehe ni karibu. Mlete. Naogopa sana, na ukizima simu naogopa mara mbili.

Mkeo,
Mama Kasuku

18 Machi

Mama Kasuku,

Salamu. Sisi hatujambo, Kasuku anakusalimu na anataka kujua kama mafua yako bado ni yaleyale au umepata mengine.

Barua nimeisoma. Umenichapa kwa fimbo yangu mwenyewe, na imeuma. Lakini nisikilize na mimi. Nikienda kupiga dawa nyumba ya mtu, kwanza nawatoa wote nje. Natoa watoto, natoa paka, natoa hata sufuria. Wanakaa nje mpaka harufu iishe. Huyu wetu atatokea mlango gani? Yeye ndiye nyumba. Ile jioni ya dripu ya kwanza, nani alimshikia beseni? Alitapika mpaka hana cha kutapika, halafu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia. Sina moyo wa kumpeleka tena.

Jana ilikuwa tarehe yenu. Tulibaki nyumbani. Alicheza na vifungo kwa fundi cherehani mpaka akasinzia, na shavu lake lilikuwa laini kama la mtoto yeyote. Usiniandikie kwa hasira.

Mumeo,
Baba Kasuku

21 Machi

Baba Kasuku,

Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningelala. Kifua changu kinaelekea kusafika, daktari anasema siku chache tu nitaruhusiwa kumshika mtoto wangu. Leo nimekwenda kumwomba asiifute nafasi ya Kasuku. Akasema hataifuta, ila kila siku tunayokaa, ugonjwa haukai.

Unamkumbuka yule mwanamke wa kitanda cha dirishani, muuza mitumba, aliyekuwa anakutania kwamba umpigie dawa kunguni wa wodini? Mwanawe naye shavu lilinywea baada ya dripu ya kwanza. Baba yake mkubwa akaja, akasema mtoto amepona, wakaondoka wakiimba. Juzi wamerudi. Jicho limesukumwa nje, Baba Kasuku, kope haifungi. Daktari alipokuja akakaa kitandani pao. Wewe unajua madaktari wa pale huwa hawakai. Mama yake hakulia. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena, na mimi nikakimbilia nje maana nilikuwa naona mikono yangu.

Sikutishi. Nilichokiona ndicho ninachokuandikia. Beseni nitashika mimi. Wewe mlete tu, kisha ukitaka kukaa nje ya geti, kaa.

Mkeo,
Mama Kasuku

27 Machi

Baba Kasuku,

Hujambo? Kasuku hajambo? Mbona kimya?

Utingo anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni bila kumtazama usoni. Simu bado. Kifua changu kimesafika, nimeruhusiwa. Nijibu, hata kwa matusi. Kimya chako kinanila. Kila basi likiingia nachungulia madirisha.

Mama Kasuku

30 Machi
Kwa mkono wa fundi cherehani

Mke wangu,

Leo nisamehe, salamu sina. Kama unaisoma barua hii basi umesimama mlangoni kwetu, nyumba imefungwa, na sisi tumepishana nawe njiani. Asubuhi nimewasha simu nikakupigia, haipatikani. Nimempigia dada yako, akasema umetoka alfajiri kumfuata mtoto. Basi letu linaondoka sasa hivi, siwezi kukungoja. Saa moja naiona ndefu.

Barua yako ya yule mtoto wa dirishani ilinikuta nimeshaona. Maziwa yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo akinywa, yeye akacheka, na nikaona upande mmoja haucheki. Nikapapasa taya, nikakuta kijiwe kama punje ya mahindi. Nikajiambia ni jino. Sikukujibu kwa sababu ningekuandikia nini, kwamba ni jino? Kila nikitoka kazini nilimshika shavu, mpaka akaniuliza, "Baba, mbona unaniminyaminya kama embe?" Leo ni kubwa kama yai la kuku na maneno yameanza kumkwama.

Nitaingia naye, sitabaki getini. Nesi akija na zile glavu zake nitafunga macho, lakini mkono wa mtoto nitakuwa nimeushika. Akitapika, atanitapikia mimi. Sijui kama watatupokea. Sijui kama daktari atasimama au atakaa. Naogopa, mke wangu. Miaka yote hii sijakuambia neno hilo hata mara moja, leo nakuambia. Naogopa nimemchelewesha.

Usiingie ndani, usinywe hata maji. Geuka na basi hilohilo.

Kasuku yuko hapa kwenye benchi la fundi, amevaa viatu vyake vya kutokea. Amefurahi sana. Anaamini umesimama mlangoni pa wodi unamsubiri, na ameniambia nikuandikie usitoke hapo ulipo, anakuja. Sikuweza kumwambia.

Baba Kasuku