Amina Niliyoiwahisha

Jumapili jioni

Ile amina ilinitoka mapema, na siwezi kuirudisha.

Nilienda Bunda kwa baba ili aniombee tu. Keshokutwa napasuliwa uvimbe wa shingoni, na naogopa. Hapa Musoma sijamwambia mtu kwamba naogopa.

Baba alivua kofia, akapiga magoti yake yale mabovu. Kwetu huendi kwa mzee ukaanza na shida yako. Unamwamkia, unauliza habari za ng'ombe, unatulia. Kwa Mungu nako baba anafanyaga hivyo hivyo. Akamshukuru kwa mvua, kwa pamba, kwa ndama aliyezaliwa juzi. Akamsifu kwa ziwa na vyote vilivyomo.

Mimi nilikuwa natazama saa, nisikose gari la saa tisa. Aliponyamaza kuvuta pumzi, nikasema "Amina!" kwa sauti, nikashika mkoba.

Akafumbua macho. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, nilikuwa bado namwamkia," akasema. "Kwako nilikuwa sijafika."

Nikasema nitachelewa. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Gari lenyewe lilikaa stendi karibu saa nzima likisubiri abiria. Muda huo angefika kwangu.

Sasa nimepiga magoti mwenyewe. Nimeanza na mvua, nikaja kwa pamba, nikaja kwa ndama, halafu maneno yakaniishia. Kinachonijia ni baba tu, vile nilivyogeuka nikamwona anarudi nyumbani polepole, midomo inacheza, na jua lote lile kofia bado kaishika mkononi.