Somo Nililolisikia

Songwa, Kishapu

Mke wangu mdogo Zipora,

Marahaba, mjukuu wangu. Mbuzi wamezaa, mtama umekauka vizuri. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa tangu bibi yako atutoke.

Video ya somo lako la huko Nkome imefika. Unasema umeme ulikatika, projekta ikazima, na sasa unataka kuacha mafunzo kwa kuwa ualimu haukufai. Nami, niliyefundisha hadi kustaafu, nakwambia hukusikiliza vizuri. Ulipowaambia watoto wachukue vijiwe vya kuhesabia, wa mbele walinyamaza. Huko nyuma kuna waliohesabu kwa Kisukuma, "Imo, ibili, idatu," kisha mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe ni hivi tu."

Chuoni mnafundishwa kwamba mtoto mmoja hujifunza kwa macho, mwingine kwa masikio, mwingine kwa mikono. Ni kweli kiasi, lakini ukimfungia mtoto mlango mmoja, hutafuta mwingine. Somo lako halikuharibika. Lilihamia nyuma ya darasa.

Hata mimi nimehama. Video hiyo niliisikiliza tu. Macho yamekuwa yakiniacha taratibu tangu mavuno, na mistari hii naifuata kwa kupapasa ukingo wa rula.

Usiyafanye hayo kuwa sababu ya kuacha. Maliza mafunzo. Likizo ikifika uje, ila usisimame mlangoni ukitabasamu kimya kama ulivyozoea. Sema neno, nijue ni wewe.

Mumeo mzee,
Babu Masele