Chatu Aliyeitwa Vanila

Jumatatu, 3 Februari

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, neno la humu lisitoke kinywani mwako. Hasa lisimfikie Houefa, wala baba yake. Mimi ni karani wa masjala, mzaliwa wa Ouidah, mji wa Benin ambao chatu akiingia nyumbani husalimiwa “Baba” na kupishwa njia. Nami namwogopa. Hata picha yake ukutani hunitoa jasho.

Jumapili jioni nakwenda kumposa Houefa kwa baba yake, mzee Daa Kpadonou. Kwao mposaji hapewi kiti kabla hajampakata Baba wa nyumba yao, yaani chatu wao. Akimwangusha, au akirudi nyuma, hupewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia. Houefa anasema ni kama kushika taulo bichi. Nilimjibu, najua. Najua nini mimi.

Basi nimejishusha, nimemwomba Hospice anifundishe. Huyu binamu yangu amerudi kutoka Lyon na elimu moja tu: kufuga chatu kwenye maboksi ya plastiki. Anao wawili sebuleni kwa Shangazi, mama yake, ninakoishi nami, kando ya televisheni. Amewaita Chokoleti na Vanila. Katika mji huu. Ni kama kumwita askofu Biskuti.

Jumatano, 5 Februari

Somo la kulisha. Hospice alitoa panya kwenye friza, akamlowesha katika maji moto.

“Hospice, hiyo si sufuria yangu ya kupikia ugali wa akassa?” Shangazi akauliza.

“Mama, Lyon kila mtu hufanya hivi.”

“Basi mama zao hawali.”

Akamning’iniza panya kwa koleo mbele ya pua ya Vanila, kama mhudumu wa hoteli ya kitalii. Vanila akageuza uso. Tangu aingie boksini hajala. Hospice anasema ana msongo wa mawazo. Msongo wa mawazo — chatu! Hapa kwetu hutoka mwenyewe, hula atakacho, na akiishia kwa jirani, jirani humrudisha mikononi.

Kisha nikamshika. Akajikunja kama mpira, kichwa ndani.

“Anakuogopa, Bwana Karani,” Hospice akasema. “Dalili mbaya kwa ndoa.”

Kumbe ndiyo haya niliyokuwa nikiyakimbia maisha yangu yote: donge la woga. Nikamdharau papo hapo. Hata hivyo nikamrudisha boksini haraka.

Ijumaa, 7 Februari

Houefa alipita masjala. Alisema yule chatu, Baba wao, alitoka wiki iliyopita, hajarudi. Daa hana wasiwasi, aliyempokea atamleta. Utamtambua, akacheka — hana ncha ya mkia, mlango ulimkata zamani.

Mchana nilikimbia nyumbani. Nikamgeuza Vanila. Ncha haipo.

“Si ulisema ulimnunua?”

“Chokoleti ndiye nilimnunua. Huyu nilimkuta bafuni,” Hospice akasema. “Wa bure.”

“Ni Baba wa kwa Daa Kpadonou.”

“Mrudishe basi. Si unamjua mwenyewe?”

Anajua ninavyoogopa, mjinga yule. Baba harudishwi kwa ndoo wala kwa boksi. Ni mikono mitupu, kupita katikati ya soko, watu wakimsalimu. Nikafunga boksi. Mpumbavu mmoja, mwoga mmoja, nyumba moja.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemshika asubuhi, nimemshika tena mchana. Ametoa kichwa. Ulimi ukanigusa kifundo cha mkono, mwepesi kama uzi. Sikumwachia. Hospice akapiga makofi kama nimejifunza kutumia choo.

Jioni nilimwekea panya hai, nikafunika boksi kwa shuka langu. Si kwa ujuzi. Ni kwamba sikuweza kutazama. Nilipofunua, panya hakuwepo na Vanila alikuwa amenenepa katikati.

“Nilitaka kujaribu giza kesho,” Hospice akasema. Mwongo. “Sasa asiguswe. Akibanwa ameshiba, atatapika.”

Asiguswe, na kesho ndiyo siku yenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Daa Kpadonou hakungoja jioni. Amekuja asubuhi hii, yeye na Houefa, wanapita nyumba kwa nyumba wakimtafuta Baba wao kabla ya posa ya jioni. Nikamsikia Hospice mlangoni.

“Karibu, Daa. Wetu wawili wamezoea watu kabisa. Nimewapa na majina.”

“Majina?”

“Ndiyo, Daa. Chokoleti na —”

Sikungoja la pili. Nimemtoa Vanila boksini, nimepita jikoni, nimejifungia stoo. Nilidhani nitamficha tu. Sasa amepanda mkono wa kushoto hadi shingoni. Tumbo lake zito limelala kifuani kwangu. Hajajikunja. Mimi sijakohoa, nisimshtue. Jasho linanitoka, lakini sijakohoa. Sebuleni wameliona boksi tupu, na Hospice anaeleza habari za Lyon kwa mtu ambaye hajauliza.

Houefa, ukurasa huu nauchana, naupitisha chini ya mlango. Shangazi yuko jikoni, atakupa. Toka nje, zunguka uchochoro wa nyuma, pita tangi la maji. Stoo ina mlango wa pili huko, wa mbao, wa bluu. Kitasa ni kibovu, usukume kwa bega, taratibu. Usinipigie simu. Usiniite kwa sauti. Ukisikia mtu anahema, ni mimi. Mwenzangu amelala.

Na ukija na baba yako, mwambie aje na kiti. Nimeshampakata Baba.