Antena ya Marehemu Luhaga

Pasiansi, Mwanza
4 Machi 1996

Kwa mwanangu Maige,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha goti. Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, nimemponyoka kiboko pale Busisi, kiwanda cha pamba kimefungwa na mimi bado nakula ugali. Sasa nimepita hata kifo changu. Wafadhili wako wameandika parokiani, wanawapa pole waliokulea wewe yatima. Getruda, karani, amenisomea mara mbili nimekaa mbele yake. Nani kaniua, Maige?

Baba yako,
Luhaga


Uingereza
20 Aprili 1996

Shikamoo baba,

Natumaini goti linapoa. Hapa ni baridi tu. Nisamehe. Ufadhili ulikuwa wa yatima peke yao, nikaandika kwenye fomu kwamba umefariki.

Baba, nimekwama. Hapa chuoni tunatengeneza setilaiti ndogo, sanduku la kubeba kwapani. Antena nimebuni mimi, kwa kuiga ile ya redio uliyofunga kwenye baiskeli yako: kipande cha futi ya chuma ya seremala, ile ya kujikunja, nakizungusha kwenye sanduku, nafunga kwa uzi wa nyavu. Huko juu waya wa moto utakata uzi, futi ifyatuke inyooke. Lakini ikikaa miezi miwili imefungwa, inabaki imepinda. Yako ilikaa mwaka imezungushwa kwenye redio na ikanyooka. Ulifanyaje? Ikipinda, sanduku litakuwa bubu, na shahada sipati.

Mwanao,
Maige


Pasiansi
2 Juni 1996

Maige,

Salamu. Goti langu halikuhusu. Kumbe Wazungu na mashine zao wameshindwa na kitu nilichotengeneza mimi kwa kisu! Jibu ninalo. Ila maiti haitoi ushauri. Mwambie mwalimu wako nipo hai, aniandikie mwenyewe.

Marehemu baba yako


Uingereza
15 Julai 1996

Shikamoo baba,

U hali gani? Nikisema sasa, mwalimu atawaambia wafadhili nami nitarudishwa. Sanduku linafungwa mwisho wa Septemba. Nakusihi unijibu kwanza, nitasema nikishahitimu.

Mwanao,
Maige


Pasiansi
30 Agosti 1996

Maige,

Huku kwema, dagaa wapo. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa namwandikia mwalimu wako. Anwani ya chuo ilikuwa kwenye ile barua ya pole. Mimi nilichora, Getruda akatia Kiingereza. Nimemwambia kona za sanduku lenu ni kali mno, chuma kikilala hapo kinazoea kupinda. Mimi niliweka gunzi la mahindi kila kona ya redio, upande wa futi wenye bonde ukitazama ndani. Wao watafute gunzi lao. Setilaiti itasema, hilo usiwe na shaka.

Chini nikaandika: Luhaga, baba mzazi wa Maige, niko hai.

Kitanda chako nimekitandika. Mwalimu akitaka mashahidi, nimempa majina: Getruda aliyeandika, Chenge fundi baiskeli aliyenishikia magunzi, na shangazi yako Bernadeta, ambaye jana tuligombana naye kutwa nzima.

Baba yako,
Luhaga