Forosadi Kwenye Kope la Damiana

Jumatatu, 5 Agosti

Rutilio hana akili! Nimemzaa mwenyewe, nina haki ya kusema. Mkewe, Nereida, alipokuwa na mimba alililia matunda ya forosadi siku tatu. Hamu ya mjamzito isipotimizwa hujichora kwa mtoto — hapa Michoacán hata mbwa anajua. Haya, tazama sasa. Damiana ana miezi miwili, forosadi nyekundu imemwota kwenye kope la kushoto. Alizaliwa na kadoa tu, kama kaumwa na mbu. Leo jicho linafunguka nusu.

Nimemwambia Rutilio mbele ya mkewe: wewe ndiye uliyemtia mtoto alama. Eti alizileta, bakuli zima, lile la bluu, akaliacha mezani. Nikamwambia asinijibu.

Nilidhani ni zangu. Zilikuwa tamu.

Kila alfajiri nampaka mtoto mate yangu kopeni ili alama ifutike, kabla sijaonja kahawa. Siku ya tisa leo. Linazidi kuvimba.

Alhamisi, 8 Agosti

Mjini Zamora, kwa daktari. Kasichana, viatu vya michezo. Akabonyeza, akapima kwa rula. Ni mishipa midogo ya damu imejikusanya, kasema, si saratani. Alama nyingi za aina hii huachwa tu: hukua miezi ya mwanzo, kisha husinyaa zenyewe polepole. Ila hii imekaa pabaya — jicho likizibwa utotoni, husahau kuona.

Dawa ya maji, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya tu. Akiwa na njaa, sukari mwilini yaweza kushuka. Na ni dawa ya moyo! Nikauliza tangu lini kope lina moyo. Akacheka, akanieleza upya. Mate akanikataza.

Hamu ya mjamzito, kasema, haihusiki hata kidogo. Daktari mwenye akili sana yule! Rutilio sijamwambia. Atavimba kichwa.

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya tano ya dawa. Nereida anaona uvimbe wa kope umepungua. Mimi naona vilevile — hapana, wekundu umefifia kidogo. Kidogo.

Dawa nampa mimi, mkono wangu hautetemeki. Asubuhi nimeshaivuta kwenye kibomba, Nereida kakaa na mtoto mapajani, bado hajamnyonyesha. Akatazama kabati la vyombo, akauliza kwa upole, "Mama, zile forosadi za kwenye bakuli la bluu, nani alizila?"

Rutilio akaacha kutafuna.

"Mnyonyeshe mtoto kwanza," nikasema. "Dawa haiingii tumbo tupu."