Mwalimu Anaongea na Mke Wangu kwenye Hedifoni

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni mkulima wa minazi hapa Mchinga, mke wangu Romana anajifunza kinanda Lindi mjini kwenye ukumbi wa kanisa, na kila Jumamosi nampeleka kwa pikipiki na kumsubiri nje, sasa majuzi mvua ikanifukuza nikaingia ndani, nikakuta watu wazima wamevaa hedifoni, vidole vinakimbia kwenye vinanda na hakuna sauti inayotoka, na mwalimu wao Edwin, kijana mtanashati anayenukia marashi, amekaa mbele na mashine yenye swichi, akibonyeza moja anamsikia mwanafunzi mmoja na kuongea naye yeye tu, jirani haambulii kitu. Mshauri, alibonyeza akaongea chinichini, na katika watu wote wale akacheka mke wangu, kisha akajibu kwenye maiki ndogo iliyo mdomoni, nikasikia mwenyewe: "Hapana mwalimu, siyo mbele za watu, naona haya." Nilitoka nje nikalowa.

Nyumbani nikamuuliza mlikuwa mnaongea nini, akasema mambo ya kinanda tu, akaendelea kukuna nazi. Mambo gani ya kinanda yanaonewa haya? Na hapa nyumbani simsikii akipiga, maana nilishamwambia kinanda chake kinanipigia kelele, sasa anavaa hedifoni anageukia ukutani na kutabasamu peke yake. Pasaka amepangiwa kupiga kanisani, lakini nimeamua Jumamosi hii simpeleki, darasa liishie hapo. Nampenda Romana, na naogopa. Nifanye nini?

Mume mwenye wasiwasi, Mchinga

BI ZAKIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, kulala na donge kama hilo rohoni si mchezo. Lakini umesikia nusu ya mazungumzo, nusu nyingine umeitunga mwenyewe, na hiyo ya kutunga ndiyo unayotaka kumhukumia mkeo.

Mashine hiyo naijua, binti yangu alifundishwa nayo. Ina swichi ya kumsikiliza mmoja, na ina swichi ya kupeleka sauti ya huyo mmoja kwenye spika kubwa ili darasa zima limsikie. Mimi nashuku mwalimu alimwambia, umepiga vizuri, nikuweke kwenye spika wenzako wasikie? Naye akaona haya. Sina hakika, na wewe huna. Kwa hiyo Jumamosi mpeleke, na safari hii usikae nje kama mlinzi. Ingia, msalimie mwalimu, omba hedifoni usikilize darasa linavyokwenda. Asiye na la kuficha atakupa. Akianza kubabaika, ondoka na mkeo siku hiyohiyo, kisha uniandikie, tutaongea mengine.

Ila shaka yangu kubwa ni juu yako. Mwanamke anayeambiwa na mumewe kwamba anapiga kelele, ulitegemea apate wapi ujasiri wa kupiga mbele za watu? Huyo kijana wa marashi unayemwogopa anamsikiliza kila wiki, ndiyo kazi yake. Wewe uliye naye nyumba moja hujui hata wimbo gani atapiga Pasaka.

Leo jioni mwombe avue hedifoni, apige huo wimbo mpaka mwisho, nawe kaa umsikilize. Akikosea, nyamaza. Na akikataa kupiga mbele yako, hapo ndipo uanze kuogopa.