Mbolea Niliyomtumia Dada Ilikuwa na Nailoni

Jumanne. Kariakoo imeamka na mawingu na lile joto la kunata, lakini roho yangu leo imetulia kidogo.

Salamu kwanza, maana najua mnanisoma. Shikamoo dada yangu Mwajuma. Shikamoo shemeji Rashidi, mgongo unaendeleaje? Shikamoo shangazi Tatu, na macho yako hayo, usomewe taratibu. Hadija na Somoe, wanangu, mama mdogo anawapenda, msiache madrasa. Sisi huku Ilala hatujambo. Baba Zuhura kifua kimepoa, na Zuhura, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, mzima. Mimi mzima pia. Wasiwasi wangu mnaujua, huo hauponi.

Sasa niseme la moyoni.

Kwa msionijua, nauza ndizi na mboga sokoni. Jioni mezani pangu panabaki maganda, majani ya kabichi, nyanya zilizopasuka. Misimu miwili nimeyakusanya, yangu na ya majirani, nikafunga kwenye viroba, nikapakia kwenye kirikuu, kile kigari kinacholeta mihogo na kurudi tupu Mkuranga. Dada amwage shambani, yaozee humo. Shamba lenyewe ni lile alilotuachia mama, hatuna jingine. Na nilivyokuwa najisifu! Wenzangu wanatuma nyumbani sukari, mimi natuma mbolea.

Jumamosi nilienda kuwaona. Nilimkuta dada anachimba mihogo ya chakula cha mchana. Akang'oa mmoja, haraka akauficha nyuma ya khanga. Nikamzunguka, nikauona. Muhogo una kiuno. Kamba ya nailoni, ile ninayofungia mafungu ya mchicha, imeukaba katikati, nao ukanenepa juu na chini.

Kamba yangu.

Nikachukua jembe. Kila nikipiga, nailoni. Vifuko vya karanga, vizibo, na vile viroba vyenyewe vilivyochakaa kwa jua vikawa nyuzinyuzi. Maji ya mvua ya juzi yake yalikuwa bado yamesimama juu ya tuta, hayana pa kuingilia.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu gari la kwanza, mdogo wangu. Ulituma kwa roho nyeupe. Ningeanzaje kukuambia zawadi yako takataka?"

Shangazi akadakia kutoka mlangoni: "Mimi nilisema! Nikasema huyu anatutumia Kariakoo nzima, bado wapiga debe tu!"

Tukacheka. Mimi nilicheka huku nalia.

Na kuna jingine, nililomwambia shemeji kwa simu jana, nalirudia hapa bila kujificha. Baadhi ya viroba nilipewa bure na duka moja la pembejeo kule eneo la Gerezani. Vilikuwa vya dawa ya wadudu. Nilivifua kwa sabuni ya unga, nikavianika, harufu ikaisha, nikaamini na dawa imeisha. Hilo neno dawa nalo lilinilaghai. Dawa kwangu ni ya kumponya mtoto. Jana nikamuuliza bwana shamba mmoja mteja wangu wa ndizi, akatikisa kichwa: "Mama Zuhura, sumu haifuliki."

Papo hapo nikampigia shemeji.

Shemeji ameshaizungushia miti ile kona walikomwaga viroba hivyo. Hapapandwi mboga, wala watoto wasichezee, mpaka bwana shamba wa huko apaone.

Lakini sikukaa kulia. Jana hiyohiyo nilitandika mkeka nyuma ya meza, nikachukua ungo, nikaanza kuchagua. Mchele wa wanangu nauchagua punje kwa punje, chuya moja hainipiti. Iweje chakula cha shamba nikifunge hivyohivyo? Kamba huku, vizibo huku, vibandiko vya matunda huku. Mama Siwema wa meza ya pili akanipigia kelele:

"Mama Zuhura! Leo unachagua takataka? Unazipikia pilau?"

"Pilau la shamba, shosti. Na wewe lete zako, ila zije bila nailoni, sitaki mgeni asiyealikwa!"

Soko zima likacheka. Jioni akaja na beseni lake la maganda, safi, kamba kazifungua mwenyewe moja moja. Hapo nikajua jambo hili linawezekana.

Kutoka viroba kumi tumepata matenga mawili tu, yale ya miti yanayobebea nyanya. Viroba basi tena. Matenga yamepanda gari asubuhi hii.

Na nailoni iliyokwisha kuingia ardhini nitaifuata mwenyewe. Nitakuja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, tuta kwa tuta, mpaka jembe lishuke bila kukwama. Shule niliishia la tano, lakini kuchagua najua, na kuinama naweza.

Kinachonikosesha amani ni kimya chako, dada. Misimu miwili unalima juu ya uchafu wangu kwa kunionea haya! Gari litafika kabla ya adhuhuri. Mwaga matenga kwenye mkeka, pekua mpaka chini. Ukikuta hata uzi mmoja, usinistahi. Nipigie leo leo, simu nimeishika mkononi, na kama ni la kunitukana, nitukane.